Mchora Vibao na Ukuta Wangu

Kama ulitaka kumkasirisha Mchora Vibao, ulimwambia tu, "Fundi, niandikie jina la duka, basi." Hapo aliweka brashi chini, akajifuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akakuuliza, "Na mtu akishalisoma hilo jina, afanye nini?" Wengi walimgeuzia mgongo. Waliondoka wakinung'unika kwamba Tarime nzima mwenye rangi ni mmoja, na huyo mmoja kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Kesho yake walirudi.

Nilikuwa jirani yake miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Hoteli yangu ya chai ilitazamana na kibanda chake, ng'ambo ya barabara ya vumbi. Sitasimulia alizaliwa lini wala baba yake alikuwa nani. Kwanza sijui, na pili yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Nilijua tu kwamba alitoka Issenye, upande wa Serengeti, na kwamba Kikurya chake kilituchekesha sote. Kilikuwa karibu na chetu, lakini kila alipofungua kinywa ulijua huyu kwao si hapa.

Kwenye kibanda chake kulikuwa na madebe ya rangi, mbao zilizopigwa randa, mabati yaliyonyooshwa kwa nyundo, na kigoda kimoja. Kibao hakikuwapo. Mtu aliyewachorea watu vibao mji mzima yeye hakuwa na hata kipande cha bati kinachosema ni nani. Nilipomuuliza alinitazama kama nimeuliza jua hutoka wapi. "Wewe si umenipata?" akasema.

Ungemwona kwa haraka ungedhani kazi yake ni kupaka rangi. Kazi yake hasa ilikuwa kukaa. Kabla ya kugusa ukuta wako alikuja na kigoda chake siku ya gulio, akakaa mbele ya biashara yako tangu wanawake wanapopanga ndizi mpaka wanapokunja mikeka. Alitazama nani anaingia, nani anachungulia na kuondoka, nani anasimama mbali kwa sababu anaona haya miguu yake ina matope. Jioni alikuambia mambo ya duka lako ambayo mkeo hajawahi kukuambia.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyekuja kulia kwake kwamba wateja hawaji. Alitaka kibao kikubwa chenye picha ya suruali. Mchora Vibao akaenda akakaa, akarudi, akasema, "Shona shati lako kwanza." Maana shati la fundi lilikuwa limechanika kwapani, na kila aliponyanyua mkono kupima kitambaa, mteja aliona tundu. Fundi alikasirika, wakanuniana masika yote. Kisha siku moja akapita na shati jipya, akasimama mbele ya kibanda kama mtoto aliyetumwa. Siku ile ile Mchora Vibao akaanza kuchora. Alimchora mtu aliyeinua mikono yote miwili juu, anacheka, shati lake zima kabisa. Hakuandika neno hata moja. Watu walikuja kutoka vijijini wakiuliza yuko wapi yule wa mikono juu.

Mwenye duka la mablanketi naye alitaka aandikiwe kwamba mablanketi yake ni bora kuliko yote.

"Umeyaona yote?" akaulizwa.

"Nani ameyaona yote, fundi? Hayo ni maneno ya biashara tu."

"Basi ukaandike kwa mkono wako. Mimi siandiki."

Walibishana mpaka chai niliyowapelekea ikapoa. Mwisho aliandika "Njoo ushike", herufi nyekundu, na akamlazimisha mwenye duka atundike blanketi moja nje, kila mpita njia alishike. Mwenye duka alilalamika kwamba litachafuka. Lilichafuka kweli, likawa halifai hata kumfunika mbuzi, na mengine yakatoka dukani kama maandazi ya asubuhi.

"Kibao ni ahadi," alikuwa akisema. "Ukishakitundika umeapa mbele ya watu. Usiwaahidi ugali na jikoni una uji." Maneno hayo aliyarudia mpaka watoto wa mtaani wakawa wanamwigiza. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu simsifu mtu nikamfanya malaika. Mtu huyo wa ahadi, ukimuuliza kazi yako itakuwa tayari lini, alisema kesho, na kesho yake haikuwa na jua la kuchomoza. Kwenye kibao hakutaka maneno yazidi matatu, lakini mdomo wake mwenyewe haukufungwa hata akila. Na kukubali kosa kwake ilikuwa kama kumvusha ng'ombe mto uliojaa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu kosa lake kubwa alilifanya kwenye ukuta wangu.

Hoteli ile niliifungua baada ya mume wangu kufa kwa homa. Kwao Susuni walikuwa wamekwisha kupanga kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu, atanirithi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi sikumtaka, wala sikutaka kurudi kuwa mke wa tatu katika mji wa mtu mwingine, nikingoja kuambiwa lini nilime na lini nipike. Nilisema mbele ya wazee kwamba nitajilisha mwenyewe. Walicheka. Kisha mzee mmoja akasema niachwe nijaribu mpaka wimbi, yaani ulezi, livunwe. Nikiwa nimesimama, niachwe. Nikiwa nimeanguka, nirudi Susuni kwa shemeji bila neno. Kwa hiyo chai ile haikuwa chai tu. Kila kikombe kilikuwa maisha yangu.

Nilimpa Mchora Vibao ukuta wa mbele, nikaenda Susuni kuchukua wimbi la uji. Niliporudi nilikuta umati barabarani. Kwenye ukuta wangu alisimama tembo, mkubwa, kijivu, masikio wazi, pembe nyeupe kama maziwa. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilitua gunia la wimbi pale barabarani, nikamwendea.

"Fundi," nikasema, "huyu umemtoa wapi?"

"Kwetu," akajibu, na kifua kimejaa. "Kwetu tembo ni baraka, Bhoke. Mahali alipo tembo mvua haikosi."

"Hapa si kwenu! Hapa tembo ana wenyewe!"

Maana kwa Wakurya kila ukoo una mnyama wake, na mnyama huyo ndiye jina lao, heshima yao na kiapo chao. Tembo alikuwa wa ukoo mmoja mkubwa wa milimani ambao sitautaja. Mimi si wa ukoo huo, wala marehemu hakuwa. Kumweka tembo mbele ya mlango wangu ilikuwa kama kuchoma alama ya mtu mwingine kwenye ng'ombe wangu. Nilimweleza hayo yote. Akacheka. "Ni mapambo tu," akasema. "Ngoja uone watu watakavyokuja."

Walikuja kweli. Siku ya gulio wanaume wa ukoo wa tembo waliteremka, wakaona mnyama wao, wakaingia kwa furaha wakiniita dada. "Hatukujua tuna dada Tarime!" Wakakaa, wakala maandazi, wakanywa chai ya maziwa, wakanibariki, wakaondoka. Nani anamlipa dada yake kwa chakula? Na mimi ningewezaje kuwafukuza watu wanaonibariki? Wiki iliyofuata walileta na wazee wao. Watu wa koo nyingine, ambao walikuwa na ugomvi wa ng'ombe na wale wa milimani, walipita mbele ya hoteli yangu wakitazama upande wa pili wa barabara. Hata fundi baiskeli, aliyekuwa anakunywa kwangu kila asubuhi, alianza kunywa kwingine. Mashambani wimbi lilikuwa linatoa masuke.

Nilivuka barabara nikiwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. "Umenirudisha Susuni," nikamwambia. "Kwa brashi yako. Haya, njoo uonje chai ya mtu anayekufa."

Alichukua kigoda chake akaja akakaa mbele ya hoteli, na ndipo nikakumbuka kwamba kwangu hakuwahi kukaa. Alijiona ananijua kwa kuwa anakunywa chai yangu kila siku. Akakaa gulio lile, akakaa na lililofuata. Jioni aliingia ndani na uso umemshuka.

"Nimekosa," akasema. "Nimechora kwetu kwenye ukuta wa kwenu."

Nilidhani sasa atachukua kisu akwangue, tuendelee. Akakataa. Alisema mnyama wa watu hakwanguliwi kama uchafu wa sufuria, maana huo utakuwa ugomvi mwingine, nao utakuwa wangu. Kesho yake, na safari hii kesho ilifika, alifunga kibanda akapanda milimani kwa miguu kuwaona wazee wa ukoo wa tembo. Mgeni, peke yake, na Kikurya kile cha kuchekesha. Nilikaa na wasiwasi siku nzima, nikiunguza maandazi.

Alirudi ameumia kisigino na amefurahi. Wazee walikuwa wamemkalisha chini, wakamsema, wakamcheka, kisha wakamruhusu. Lakini walitoa masharti. Tembo asiguswe na chuma. Afunikwe kwa udongo kwa mikono, mchana, watu wakiona, kama anavyozikwa mtu mwenye heshima. Na aliyekosa aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa.

Akafanya hivyo siku ya gulio. Alikanda udongo mweupe kwenye karai, akaanza miguuni, akipaka kwa viganja taratibu. Kila kundi lililosimama aliliambia kwa sauti kubwa: "Mimi ndiye niliyekosa! Mama huyu hana ukoo wa tembo. Mimi ni mtu wa Issenye, sikujua, wazee wamenisamehe!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanaume wa milimani walisimama kando, fimbo mkononi, wakitazama mnyama wao anavyofunikwa vizuri. Mmoja wao alimwelekeza mahali alipokuwa amesahau, karibu na mkia. Mtu yule mwenye kiburi kuliko wote niliowajua alitamka kosa lake tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, na sauti ikamkauka. Siku ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Ukuta ukawa mweupe. Niliogopa ataupamba tena kwa kitu kingine cha kwao. Badala yake akaniuliza, "Bhoke, watu wanapoingia kwako, kitu cha kwanza wanafanya nini?"

"Wanaagiza chai."

"Kabla ya hapo."

Yeye alikuwa ameona. Kwangu kila mwanaume alipofika aliegemeza fimbo yake ukutani, nje, karibu na mlango, ndipo akainama kuingia. Nilikuwa nimewazoesha hilo tangu mwanzo kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na fimbo ziliangusha vikombe. Mimi niliona vikombe vyangu. Yeye aliona mahali pekee pa kunywea chai Tarime ambapo watu wenye ugomvi wa ng'ombe walikaa bega kwa bega na mikono mitupu.

Akachora fimbo. Safu nzima, zimeegemea ukuta: fupi ya mchungaji, ndefu ya mzee, ya mti mweusi, iliyopinda, yenye kichwa cha rungu. Hapakuwa na mnyama wala jina. Fimbo za kweli zilipoegemezwa pale jioni hukuweza kujua ipi ya rangi na ipi ya mti.

"Sasa umeapa," akaniambia akiosha brashi. "Mtu yeyote akiingia na fimbo, hata awe Bwana DC, ukuta huu ni uongo na mimi nitaufuta."

Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kurudi. Wakafuata wengine, wa ukoo huu na ule, na wale wa milimani pia, ambao sasa walikuwa wateja kama wateja. Watu wa Susuni waliofika gulioni walipeleka habari kwamba kwa Bhoke hakuna nafasi ya kukaa. Nilinunua mabenchi mengine.

Wimbi lilipovunwa shemeji yangu akaja na wazee wawili kutoka Susuni. Hoteli ilikuwa imejaa. Wale wazee wakaegemeza fimbo zao nje bila kuambiwa, wakaingia. Yeye akabaki mlangoni, fimbo mkononi.

"Shemeji, karibu," nikasema. "Fimbo inabaki nje."

"Mimi si mteja," akasema. "Nimekuja kwa mke wa ndugu yangu."

Wateja wakaweka vikombe mezani. Mchora Vibao alikuwa amekaa kwenye kona yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mdomo wake ulifungwa. Alinitazama tu. Nilijua nikikubali fimbo ile ipite, basi nimeondoka Tarime nikiwa bado nimesimama pale.

"Hata hivyo, inabaki nje," nikasema.

Mzee mmoja wa milimani, ambaye zamani aliniita dada, akageuka kwenye benchi lake. "Mura," akamwambia shemeji yangu, kama anavyoitwa kijana, "hata yangu iko nje. Unatufanya sisi wajinga?"

Shemeji aliangalia ndani, akaangalia ukutani, akaangalia wazee aliokuja nao. Akaiegemeza. Nikamwona mzee wa Susuni, yule aliyenipa muda, anaitikia kwa kichwa polepole. Kwetu mtu akikuwekea fimbo mlangoni amekiri kwamba mji ule, yaani nyumba na vyote vilivyomo, una mwenyewe.

"Umeiweka kwa mkono wako," mzee akamwambia. "Basi kunywa chai twende. Mji huu una mwenyewe."

Alikunywa. Nitamsifu kwa hilo, alikunywa bila kununa, na akaomba cha pili.

Baadaye nilimuuliza Mchora Vibao kama alijua mambo yangefika hapo. Alikasirika. "Nilichora nilichokiona," akasema. "Aliyesema inabaki nje ni wewe. Ukuta hausemi." Kisha akaongea habari nyingine mpaka usiku, kufidia ule ukimya.

Mwishoni mwa miaka ile aliugua. Alianguka kibandani, upande wa kulia ukafa, na ndugu zake wakaja na lori wakamchukua kwao. Nilipopata nafasi nilifunga sukari na blanketi nikaenda Issenye kumuaga, maana watu walisema hatamaliza mwaka.

Nilimkuta ameketishwa kivulini karibu na zizi la ndama. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekonda, Bhoke. Chai yako imeanza kuwa maji?"

Mdomo ulikuwa umepinda, lakini ulikuwa ule ule. Kaka yake alinikaribisha kwa heshima, akaniambia mbele yake, kana kwamba hayupo, "Kazi yake imekwisha, mama. Sasa apumzike. Tumempa ndama awaangalie." Watoto wa kaka walikuwa wamegawana brashi zake, wanapaka nazo matope.

Nilitazama ukuta wa nyumba nyuma yake. Chini, kwa urefu wa mtu aliyekaa, kulikuwa na mistari ya mkaa, mingi, imepandana. A iliyoanguka. A nyingine. O kama yai lililopasuka. Alikuwa anaufundisha mkono wa kushoto.

Aliona ninachotazama. "Nipe kazi," akasema.

Sikuwa nimekwenda na kazi. Kusema kweli nilikuwa na kibao cha kuandikwa, cha vyumba vya wageni nilivyojenga nyuma ya hoteli, lakini nilikwisha kuzungumza na kijana mmoja wa Tarime mwenye herufi safi kama za gazeti. Kibao cha barabarani, cha kuwaleta wasafiri. Nilikuwa nimetia kila kitu changu katika vyumba vile.

Kaka yake akacheka kwa huruma. "Usimsumbue mgeni. Mkono gani?"

Watu walikuwa wamekaa wakaamua maisha yake yamekwisha, naye yuko hai, anawasikia. Jambo hilo nilikuwa nimelionja.

"Nina kibao," nikasema. "Cha vyumba vya wageni. Kitakaa barabarani."

"Kitachelewa."

"Vyako vyote vilichelewa."

"Kitakuwa kibaya, Bhoke." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Kilete."

Kililetwa na dereva wa lori baada ya mavuno, kimefungwa kwa gunia. Herufi zilikuwa zimepanda na kushuka kama mbuzi mlimani. I ilikuwa imelala, na rangi ilitiririka kutoka kwenye G ikakauka njiani. "Wageni walale", basi. Ungeweza kuona mahali mkono ulipoteleza, ukafutwa, ukaanza tena. Yule kijana wa herufi safi alipita, akakitazama, akaniambia kwa adabu kwamba angeweza kunirekebishia siku hiyo hiyo, bila malipo, kwa kuwa wageni wataona aibu kuingia.

Nilimwomba anishikie kile kibao upande wa chini, kama kilivyo. Nikapanda juu ya meza, nikagongelea misumari mwenyewe, upande wa barabarani.